Uzi: Meza ya jibini ya Clara Peeters, namna ilivyojengwa tabaka kwa tabaka (kwa wanaochora kwa rangi za mafuta)

#1 UbaoMweupe

Wakuu, salaam. Huu uzi ni wa picha moja tu: ile ya jibini, lozi na mikate ya kusokotwa ya Clara Peeters, ya mwaka 1615 hivi. Iko makumbusho ya Mauritshuis, The Hague, Uholanzi, tangu 2012. Ni ubao wa sentimita 34.5 kwa 49.5. Wengi wakiiona kwenye skrini hudhani ni kubwa. Karatasi mbili za A4 ukizipanga pamoja, ubao huo unazipita kwa sentimita chache tu kila upande, na ndani yake kuna rundo la jibini lenye sahani ya siagi juu, mtungi wenye mfuniko wa bati, glasi ya mtindo wa Venice yenye dhahabu, kaure ya China ya zama za mfalme Wanli, tini kavu, zabibu kavu, lozi, mikate na kisu cha fedha.

Peeters alifanya kazi Antwerp, mji ulio Ubelgiji ya leo. Picha zake zenye tarehe zinaanzia 1607 na kuishia 1621. Picha zinazokubalika kuwa zake ni kama 40 tu, na nne ziko Prado, Madrid. Makumbusho hayo yalipomfanyia maonyesho mwaka 2016, ilikuwa mara ya kwanza Prado kumpa mchoraji mwanamke maonyesho ya peke yake.

Hoja yangu ni hii. Watu husema picha hii ni "halisi kama picha ya kamera" kwa sababu ya utitiri wa vitu vidogovidogo. Mimi sikubaliani. Ukiikaribia utaona sehemu kubwa ya ubao haina chochote cha kuhesabu. Uhalisia wake unatoka sehemu mbili: kila kitu kimepakwa kwa mkono wa aina yake (jibini hairuhusiwi kupakwa kama bati, wala siagi kama mkate), na kingo zimepangwa, nyingine kali, nyingine zimezamishwa gizani. Anayeiiga kwa kuongeza vitu vidogo anapata picha iliyokauka. Anayeiiga kwa kufuata mpangilio wa tabaka anapata jibini.

Tuanze na msingi, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu kabla hata ya kufungua tyubu.

Antwerp walitumia mbao za mwaloni zenye chaki na gundi ya ngozi. Wenye mwaloni mkavu wa milimita 8 hadi 10, vizuri. Wasio nao, plaiwudi nzuri au MDF ya milimita 6 inatosha kwa ukubwa huu. Kwa ubao mmoja wa 35 kwa 50: gramu 20 za gundi ya ngozi ya sungura kwenye mililita 280 za maji baridi, iache usiku kucha ivimbe. Asubuhi ipashe juu ya chombo cha maji ya moto, isivuke nyuzi 60. Ikichemka inapoteza nguvu, na hutaliona hilo mpaka chaki ianze kukuachia unga vidoleni.

Paka gundi tupu mkono mmoja (yaani tabaka moja), mbele, nyuma na pembeni. Ukipaka mbele tu ubao utapinda. Ikikauka, chukua gundi iliyobaki ikiwa vuguvugu, nyunyizia chaki laini kwa chujio mpaka ipate uzito wa maziwa mazito. Kwa kipimo cha ujazo ni kama gundi 1 kwa chaki 1.5. Usikoroge kwa nguvu, utaingiza hewa, na kila kipovu kitakuwa tundu la sindano kwenye picha. Mikono 6 hadi 8, kila mmoja ukikata mwelekeo wa uliotangulia, bila kusubiri mpaka wa chini ukauke kabisa. Msasa namba 240, kisha 400, mpaka uso uwe laini kama ganda la yai.

Kinachokosewa zaidi: nyufa za buibui. Sababu yake ni gundi kali kupita kiasi au mkono mzito uliokaushwa haraka kwa feni. Sababu ya kubanduka ni tofauti: ni gundi kali juu ya gundi dhaifu. Tumia sufuria moja ya gundi kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mwisho wa msingi ni mkono mwembamba sana wa rangi ya mafuta: nyeupe, nyeusi kidogo, udongo wa kahawia kidogo, unafutwa kwa kitambaa mpaka ubaki ukungu wa kijivu cha joto. Unafanya kazi mbili: unazuia chaki isinywe mafuta yote ya rangi zitakazofuata, na unakupa rangi ya kati ya kupimia mwanga na giza.

Nitaendelea na rangi. Karibuni kwa maswali.

---

#2 UbaoMweupe

Naendelea. Mpangilio ninaoupendekeza kwa picha hii:

Mchoro kwanza kwenye karatasi, kisha uhamishwe. Shida kubwa hapa ni duaradufu za sahani. Peeters ameweka jicho la mtazamaji chini, karibu na meza, na ameweka vyombo katika vimo tofauti. Sahani iliyo chini mezani inafunguka zaidi. Ile ya siagi juu ya rundo iko karibu na usawa wa jicho, kwa hiyo inabana. Ukizipa zote upana mmoja, rundo linaanguka. Chora mstari wa jicho kwa penseli nje ya picha na upime kila duaradufu dhidi yake.

Kisha rangi ya awali bila rangi: udongo wa kahawia, nyeusi na nyeupe pekee. Pakaa nyembamba, tapentaini kidogo. Hapa unaamua giza na mwanga tu. Ikikauka ndipo rangi zinaingia.

Jibini lililokatwa: nyeupe, njano ya risasi na bati, udongo wa njano. Rangi iwe nzito, haina mafuta ya kuongeza. Weka kwa brashi ya manyoya magumu iliyochakaa, ukigonga badala ya kuvuta. Uso wa jibini hauna mwelekeo, na brashi ikivuta inauachia mwelekeo, ndiyo maana jibini za wengi zinafanana na ubao uliorandwa. Michubuko na mipasuko midogo inakuja baadaye kwa kahawia nyembamba, na kila mpasuko upewe mstari wa mwanga upande mmoja, upande unaotazama dirisha. Ganda la nje ni kinyume chake: laini, lina mng'ao hafifu, linapakwa kwa utando wa kahawia juu ya njano iliyokauka.

Siagi ndiyo mtihani. Imekwanguliwa kwa mikunjo, na kila mkunjo una matuta membamba. Rangi yake ni nyeupe na njano ileile ya risasi na bati, ila kivuli chake kisiwe cha kahawia. Kivuli cha siagi kinapokea mwanga kutoka kwenye sahani na kutoka mkunjo wa jirani, kwa hiyo kinabaki na joto na kinaelekea kijani-kijivu hafifu. Ukitia kahawia unapata karameli. Matuta yanachorwa kwa kivuli kwanza, halafu mng'ao mmoja mnene juu ya tuta, usirudie. Ukigusa mara mbili umeshaua.

---

#3 kijana_wa_paleti

Mkuu UbaoMweupe, shukrani sana. Swali la kwanza: hiyo njano ya risasi na bati inapatikana? Kwenye seti za tyubu za kawaida haimo. Nikitumia njano ya kadimiamu siagi inatoka kama plastiki. Kosa ni langu au ni la rangi?

---

#4 KemiaYaRangi

Ni la rangi. Kadimiamu ina nguvu mno na iko upande wa machungwa. Njano ya risasi na bati ni hafifu, ina maziwamaziwa, na inafunika vizuri. Ilikuwa njano ya kawaida ya wachoraji wa Ulaya mpaka karne ya 18, kisha ikapotea kabisa kwenye paleti. Ikatambuliwa upya mwaka 1941 kwa uchunguzi wa picha za zamani. Ndiyo sababu vitabu vingi vya karne ya 19 haviitaji.

Leo inatengenezwa tena na baadhi ya watengenezaji wa rangi za kisanii, lakini ina risasi ndani, kwa hiyo ni sumu. Asiyetaka risasi achukue njano ya bismathi, alama PY184 kwenye tyubu, sehemu 1, nyeupe ya titani sehemu 2, na udongo wa njano kiasi cha ncha ya kisu. Hapo unaikaribia. Kadimiamu ya limau pia inawezekana, ila uizimishe kwa udongo wa njano kabla ya nyeupe, si baada ya hapo. Ukianza na nyeupe utaifukuza mpaka paleti ijae.

Kuhusu nyeupe: Peeters na wenzake walikuwa na nyeupe ya risasi tu. Inakauka haraka, siku 2 hadi 4, inatengeneza tabaka linalonyumbulika, na inashika alama ya brashi. Titani inakauka polepole na inafunika kupita kiasi, kwa hiyo itie kidogo kuliko unavyodhani. Nyeupe ya zinki iepukeni kabisa kwenye tabaka za chini. Inakuwa ngumu na kukatika, na tabaka za juu zinabanduka kama magamba.

Wanaotumia risasi: glovu, hakuna kula wala kuvuta sigara kwenye meza ya kazi, na kamwe msipige msasa mkavu juu ya tabaka lenye risasi. Unga wake ndio hatari kubwa. Msasa wa maji pekee, na kitambaa kitupwe kikiwa kimelowa.

---

#5 Mzee wa Kingo

Uzi mzuri, lakini kwenye #2 umeruka jambo. Hujasema mandhari nyeusi ya nyuma inaingia lini. Na hapo ndipo picha hii inashinda au inashindwa.

Wapo wanaopaka nyuma yote nyeusi kwanza, halafu vitu juu yake. Matokeo yake: njano ya jibini inapakwa juu ya nyeusi, na rangi za mafuta huzidi kupenyeka nuru kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo jibini linazama. Wapo wanaopaka vitu kwanza, kisha nyeusi kuzunguka. Hao wanapata ukingo kama wa mkasi.

Njia ya Antwerp ilikuwa kuacha nafasi. Nyeusi inapakwa ikizunguka umbo la kitu, chini ya kitu panabaki msingi mtupu, na kitu kinapakwa ndani ya nafasi hiyo kikivuka mpaka kidogo, milimita moja au mbili. Mvuko huo mdogo ndio unaokupa ukingo laini. Ukitaka ukingo ulio kali, vuka nyeusi ikiwa kavu. Ukitaka uliozama, vuka nyeusi ikiwa mbichi.

---

#6 UbaoMweupe

Mzee, nakubali kabisa, na nimefurahi umeliweka wewe. Naongeza upande wa kemia wa nyeusi hiyo: nyeusi ya mfupa peke yake inanywa mafuta mengi na kukauka polepole sana. Tia udongo wa amba (umber, kahawia iliyokolea) kidogo. Una manganizi, na manganizi inaharakisha mafuta kukauka. Mikono miwili myembamba, si mmoja mnene. Mnene utakunjamana juu huku chini bado mbichi.

Isipokuwa glasi. Glasi haiachiwi nafasi. Nyuma inapakwa kamili, inakauka, na glasi inawekwa juu yake kwa vitu vitatu tu: ukingo wa mdomo, mng'ao wa dirisha, na mstari wa mwanga uliopindia upande wa pili wa tumbo, pale nuru inapotokea baada ya kupita ndani.

---

#7 BuluuNyeupe

Glasi na kaure ni eneo langu, naomba niongeze.

Kwenye glasi ya Peeters kuna mapambo ya dhahabu. Msinunue rangi ya dhahabu. Unga wa metali unang'aa kwa kubadilika mtazamaji anaposogea, na hilo linaivunja picha. Dhahabu yake ni udongo wa njano kwa rangi ya kati, kahawia kwa kivuli, nukta ya njano ya risasi na bati kwa mwanga, na nukta ndogo zaidi ya nyeupe pale dirisha linapogonga. Tofauti ya dhahabu na shaba ya kawaida iko kwenye kivuli: cha dhahabu kina joto, kinaelekea machungwa.

Kaure: kosa la kila mtu ni kuanza na maua ya buluu. Kwanza sahani iwe nyeupe nzima, imeumbwa kwa kijivu, ina kivuli, ina mwanga, ina uakisi wa tini na mkate ulio jirani. Iache ikauke. Halafu nakshi ya buluu kwa rangi nyembamba, brashi ndefu laini namba 1. Nakshi ipinde pamoja na sahani: mistari inayokwenda kwenye ukingo wa mbali inafupika na kubana. Buluu ya upande wa kivuli iwe nyeusi zaidi na kijivu zaidi kuliko ya upande wa mwanga. Ukitumia buluu moja kote, nakshi inaonekana imeelea juu ya sahani. Mng'ao unakuja mwisho kabisa, na unapita JUU ya nakshi, kwa sababu kwenye kaure halisi ya aina hii buluu iko chini ya kioo cha nje.

Kuhusu buluu yenyewe: ya ultramarini yenye nyeusi kidogo inatosha. Wakati ule walikuwa pia na azuraiti na smalti. Smalti ni kioo cha kobalti kilichosagwa, na kwenye mafuta hupoteza rangi yake na kuwa kijivu-kahawia baada ya muda mrefu. Kwa hiyo ukiona buluu iliyokufa kwenye picha za karne hiyo, usiinakili ilivyo ukidhani mchoraji ndivyo alivyotaka.

---

#8 SomaNaUlize

Naomba niwatoe kidogo kwenye brashi. Nimesoma sehemu nyingi kwamba wanawake walichora vitu vya nyumbani kwa sababu maisha yao yalikuwa jikoni. Hivi ndivyo?

---

#9 DadaMakumbusho

Hapana, na ningependa tulizike hilo wazo. Itazame meza yenyewe. Hii si jiko. Hakuna sufuria, hakuna moto, hakuna mtu anayepika. Kaure imetoka China, glasi ni ya mtindo wa Venice, tini, zabibu na lozi zimeletwa kwa meli kutoka kusini, kisu ni cha fedha. Hii ni meza ya maonyesho ya mali, ya watu wa mji wa biashara.

Pia wakati wake una maana. Mapatano ya kusitisha vita ya miaka 12 kati ya Hispania na majimbo ya kaskazini (Uholanzi ya leo) yalianza 1609 na kuisha 1621. Karibu picha zake zote zenye tarehe zimo humo. Biashara ilipumua, na wanunuzi walitaka kuona neema ubaoni.

Kuhusu wanawake: ni kweli walizuiwa kuchora mifano ya watu uchi, na bila hiyo ulikuwa huwezi kuchora picha kubwa za dini na historia zilizoheshimiwa kuliko zote. Mlango huo ulifungwa. Lakini picha za vitu tuli, yaani vyakula na vyombo kama hivi, hazikuwa kazi ya wanawake. Osias Beert, mwanamume wa Antwerp hiyohiyo, alikuwa akichora meza za aina hiihii wakati huohuo. Peeters aliingia kwenye soko jipya lililokuwa linafunguka na akawa miongoni mwa waliolifungua: picha yake ya samaki ya 1611, iliyo Prado, ndiyo ya mapema zaidi inayojulikana ya vitu tuli ambamo samaki ndio mhusika. Jina lake halionekani kwenye orodha zilizobaki za chama cha wachoraji cha Mtakatifu Luka pale Antwerp, lakini baadhi ya mbao na mabati yake ya shaba yana mhuri wa mji huo mgongoni. Mbao na shaba zilikuwa za kibiashara, na picha zilikuwa za kuuzwa.

Kumwita mama wa nyumbani aliyechora alichokiona ni kumnyang'anya taaluma yake.

---

#10 SomaNaUlize

Umenifungua macho dada. Na maana za siri? Kuna anayesema siagi juu ya jibini ni onyo la ulafi.

---

#11 DadaMakumbusho

Kiholanzi kuna msemo wa zamani unaosema maziwa juu ya maziwa ni kazi ya shetani, yaani siagi juu ya jibini ni kupita kiasi. Mtazamaji wa wakati ule angeweza kuukumbuka. Ila mimi nikipima kwa macho, siagi ile imepakwa kwa hamu. Imewekwa juu kabisa ya rundo na imepewa mwanga mkubwa kuliko karibu kila kitu. Mchoraji anayetaka uone haya hakupi siagi ya namna ile. Waliolipa fedha zao waliweza kuwa na vyote viwili, onyo na hamu.

---

#12 kijana_wa_paleti

Turudi kwenye brashi tafadhali. Mfuniko wa mtungi. Wanasema kuna uso wake humo. Unachorwaje uso kwenye eneo la kucha ya kidole?

---

#13 Mzee wa Kingo

Uso upo, na ni wake. Kuna anayebisha kwamba ni mtu yeyote aliyesimama pale. Jibu liko Karlsruhe, Ujerumani, kwenye picha yake ya maua na vikombe vya dhahabu ya 1612: kwenye matuta ya kikombe anaonekana mara kadhaa, na ameshika paleti na brashi. Alikuwa na desturi hiyo.

Sasa ufundi. Mfuniko umebinuka kuelekea nje, kama mgongo wa kijiko. Kwenye uso uliobinuka, unajiona mahali pamoja tu: pale ambapo uso wa chuma unakutazama wewe moja kwa moja. Mahali hapo ndipo kichwa kiwekwe. Ukikiweka pembeni kwa sababu panakupendeza, kitaonekana kama kibandiko. Dirisha nalo linakuwa upande wa kushoto juu, limepinda kufuata mbinuko, dogo kuliko unavyotarajia. Chumba kilichobaki kinabanwa kuelekea ukingoni.

Hatua ni hizi. Paka mfuniko mzima kwa kijivu cha kati, uumbe, uache ukauke siku kadhaa. Pangusa mafuta ya kitani membamba sana juu yake. Ndani ya unyevu huo weka giza la chumba, kisha umbo la kichwa na mabega kwa toni tatu tu: giza la nguo, rangi ya kati ya uso, mwanga wa kitambaa cha kichwa na kola. Usichore macho. Ukiweka nukta mbili za macho, mtazamaji anaanza kutafuta pua na mdomo, na ukubwa huo hauna nafasi. Brashi namba 0 yenye ncha nzima inatosha. Brashi za namba 00000 hazibebi rangi, inakauka kabla haijafika ubaoni.

Na mkumbuke bati si fedha. Kwenye fedha, giza kuu na mwanga mkuu vinakaa bega kwa bega. Kwenye bati vimetenganishwa na kijivu, na mng'ao una ukungu. Ndani ya picha hii hii Peeters amekuwekea vyote viwili, mfuniko wa bati na kisu cha fedha, na unaweza kuvilinganisha.

---

#14 UbaoMweupe

Kisu hicho nacho kinastahili muda. Ni aina ya kisu cha harusi, mpini wake una nakshi za Imani na Kiasi, na kwenye ubavu wake mwembamba limeandikwa jina CLARA PEETERS. Kinarudi kwenye picha zake kadhaa. Yaani sahihi ya mchoraji imegeuzwa kuwa sehemu ya kitu chenyewe.

Wanaotaka kuandika herufi zilizochongwa kwenye chuma: mwanga ukitoka kushoto, ukuta wa kushoto wa mchongo uko kivulini na wa kulia unapata nuru. Kwa hiyo herufi inaandikwa kwa kijivu cheusi, na mstari mwembamba wa nuru unawekwa upande wake wa KULIA. Ukiuweka kushoto, herufi zinainuka badala ya kuzama. Na herufi zifuate ufupisho wa kisu: zilizo mbali ziwe nyembamba na zikaribiane. Andika kwenye karatasi angavu kwanza, ilaze juu ya picha, uone.

Kisu kimewekwa pembeni mwa meza kwa sababu nzuri. Kinaleta kitu upande wa mtazamaji. Kivuli chake kwenye ukingo wa meza lazima kivunjike pale ubao wa juu unapokutana na ukingo wa mbele. Kivuli kisichovunjika kinafanya meza yote iwe bapa.

---

#15 jibini_na_taa

Mimi napanga meza halisi ya kuchora kwa kuangalia. Jibini linatoa jasho na siagi inalala. Wenzangu mnafanyaje?

---

#16 BuluuNyeupe

Taa yako ina joto. Tumia taa ya LED ya kelvini 5000 hivi, moja tu, kushoto, juu kidogo ya vitu, nyuzi kama 45. Taa ya pili inaleta kivuli cha pili na umeshaiharibu picha. Zungushia vitu kisanduku cha mbao tatu zilizopakwa nyeusi isiyong'aa. Bila kisanduku, ukuta wa chumba unarudisha mwanga kwenye vivuli, na giza la Antwerp hulipati.

Siagi ichorwe kwanza kabisa, kabla ya kitu kingine. Ikwangue ikiwa imetoka kwenye friji, ichore kwa dakika 20, irudishe. Weka alama za sahani mezani kwa penseli ili irudi palepale. Jibini lililokatwa hubadilika ndani ya saa chache: uso unakauka, unakuwa mweusi zaidi kingoni na kupasuka. Kata uso mpya kila siku, au pima rangi yake asubuhi, ichanganye ya kutosha siku nzima, na uifuate ile ya paleti badala ya ile ya mezani. Lozi, zabibu kavu na mikate vinadumu wiki nzima, vichore mwisho.

---

#17 kijana_wa_paleti

La mwisho kwangu. Nyeusi yangu ya nyuma imekauka ikawa na madoa, sehemu zinang'aa, sehemu zimefifia kama vumbi. Nimeipaka upya mara nyingine na bado.

---

#18 KemiaYaRangi

Usipake tena. Rangi ya chini inanyonya mafuta ya rangi ya juu, ndiyo maana sehemu zimefifia. Ama msingi wako una chaki nyingi mno kwa gundi uliyoitia, ama uliongeza tapentaini nyingi kwenye mkono wa juu. Kila mkono mpya unaotia unanyonywa vilevile.

Dawa: ubao ukiwa mkavu wa kugusika, dondoshea mafuta ya kitani matone machache kwenye kitambaa kisicho na manyoya, sugua eneo lote la nyuma, subiri dakika 10, halafu pangusa kwa kitambaa kikavu mpaka kisitoke na mafuta tena. Yatakayobaki juu yatageuka manjano, kwa hiyo pangusa kwelikweli. Rangi itarudi palepale. Kama bado kuna doa, rudia kesho yake. Kitambaa hicho kitandaze kikauke nje au kiloweke kwenye maji, usikikunje na kukitupa kwenye ndoo. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe.

Kuanzia hapo shika kanuni: tapentaini kwenye tabaka za chini, mafuta yaongezeke kidogokidogo kwenda juu. Tabaka la juu lenye mafuta machache kuliko la chini litapasuka, kwa sababu linakauka kwanza na kugoma huku la chini bado linasogea.

---

#19 jibini_na_taa

Na vanishi?

---

#20 KemiaYaRangi

Ya damari (utomvu wa mti), subiri miezi 6 kwa uchache, kwa sababu siagi na jibini zako zina rangi nene. Kabla ya hapo vanishi inaungana na rangi mbichi, na siku ya kuiondoa inaondoka na utando wa juu wa picha. Paka kwenye chumba kisicho na vumbi, ubao umelala, brashi pana, mkono mmoja mwembamba, na uache umelala saa 24 ukiwa umefunikwa kwa boksi lisilougusa uso.

---

#21 Mzee wa Kingo

Kijana, ukimaliza tupia picha mbili hapa: moja ya ubao mzima, nyingine ya ukingo wa jibini dhidi ya nyeusi, karibu kabisa, mwanga ukitoka upande mmoja. Hiyo ya pili ndiyo tutakayoanzia kukusaidia.